Una sainasi isiyoisha? Soma hivi majibu yako ya damu

Pua imeziba mwezi wa nne sasa. Asubuhi kichwa kizito, na kitunguu kikikaangwa huisikii harufu yake hata ukisimama jikoni. Antibiotiki umemeza mara tatu. Leo umepimwa damu, karatasi imerudi na mistari kama ishirini ya namba, na aliyekupa anasema, "Iko vizuri tu."

Unabaki unajiuliza: kama damu iko vizuri, mbona mimi siko vizuri?

Karatasi haijakosea. Ila damu hujibu swali tofauti na lile unalouliza wewe. Haya ndiyo unayopaswa kufahamu.

Kwa ufupi

- Hakuna kipimo kimoja cha damu ambacho peke yake kinaweza kusema sainasi yako sugu ni kali kiasi gani.
- Kinachosaidia zaidi ni cha kawaida kabisa, na pengine tayari unacho mkononi: idadi ya eosinofili.
- Namba hiyo husaidia kujua una aina gani ya ugonjwa, na kama una uwezekano mkubwa wa kurudi baada ya upasuaji.
- Minyoo huipandisha. Vidonge vya steroidi huishusha. Ukipima bila kuvikumbuka hivyo viwili, namba inaweza kukudanganya.

Sainasi sugu ni ipi hasa?

Ndani ya mifupa ya uso kuna mashimo yenye hewa, jozi nne: nyuma ya mashavu, katikati ya macho, kwenye paji la uso, na jozi moja ndani zaidi nyuma ya pua. Hayo ndiyo sainasi. Hutoa ute mwepesi unaotiririka kuingia puani kupitia vitundu vidogo. Utando wa ndani ukivimba, vitundu vinaziba na ute unakwama.

Ugonjwa huitwa sugu pale dalili zinapodumu wiki 12 au zaidi. Mwongozo wa Ulaya uitwao EPOS, toleo la 2020, unataka mtu mzima awe na angalau dalili mbili, na moja lazima iwe pua kuziba au makamasi, yawe yanatoka mbele au yanashuka kooni. Nyingine ni maumivu au uzito wa uso, na kupungua au kupotea kwa uwezo wa kunusa. Juu ya hapo, kamera ya puani au picha ya CT ithibitishe.

Kwa hiyo kichwa kuuma peke yake si sainasi. Wapo wanaotibiwa sainasi kwa miaka kumbe shida yao ni kipandauso.

Ukali unapimwa kwa nini kama si damu?

Kipimo cha kwanza ni wewe mwenyewe. Daktari anaweza kukuuliza: kwenye mstari wa 0 hadi 10, hali hii inakusumbua kiasi gani? Hadi 3 ni nyepesi, juu ya 3 hadi 7 ni ya wastani, juu ya 7 ni kali.

Cha pili ni dodoso la maswali 22 linaloitwa SNOT-22. Kila swali lina alama 0 hadi 5, jumla ya juu ni 110. Haliulizi pua tu. Linauliza pia usingizi, uchovu, hasira, na kama unashindwa kuzingatia kazi. Alama zaidi ya 50 kwa kawaida huhesabiwa kuwa ugonjwa mkali.

Cha tatu ni macho ya daktari: kamera nyembamba inayoingizwa puani kuangalia uvimbe, usaha na nyama za puani.

Cha nne ni CT. Picha hupewa alama 0 hadi 24 kwa mfumo wa Lund-Mackay, kulingana na sainasi ngapi zimejaa na zimejaa kiasi gani.

Hapa ndipo panachanganya watu: alama za CT na alama za dodoso mara nyingi haziendi pamoja. Kuna mtu picha yake imejaa weupe kila kona na bado anaenda kazini kama kawaida. Mwingine picha yake si mbaya sana, lakini halali usiku. Ndiyo maana watafiti wanatafuta kitu cha tatu, kwenye damu, kinachoweza kuonyesha ugonjwa unakoelekea.

Eosinofili: namba ya kuangalia kwanza

Kipimo cha damu nzima, ambacho Tanzania wengi wanakiita FBP na Kenya hemogramu, huhesabu seli nyeupe za aina tano. Mojawapo ni eosinofili. Mwanasayansi wa Ujerumani, Paul Ehrlich, alizieleza mwaka 1879 baada ya kuona zinavyonyonya rangi nyekundu iitwayo eosini.

Kazi yake inayojulikana zaidi ni kupambana na minyoo. Lakini kwa baadhi ya watu kinga ya mwili huchukulia pua kama uwanja wa vita hivyo hivyo. Ujumbe wa kikemikali, hasa ule uitwao intalukini-5, huambia uboho wa mifupa uzalishe eosinofili nyingi. Zinasafiri kwenye damu, zinaingia kwenye utando wa pua, zinamwaga protini kali zilizokusudiwa minyoo. Anayeumia ni wewe. Utando unavimba, ute unakuwa mzito kama gundi, nyama za puani zinaota, harufu zinapotea.

Madaktari huuita uvimbe wa aina ya pili. Huonekana sana kwa wenye nyama za puani, na mara nyingi huambatana na pumu.

Kumbuka jambo moja: damu ni barabara, pua ndiyo soko. Kuhesabu magari barabarani kunakupa picha ya soko lilivyojaa, lakini si sawa na kuingia sokoni kwenyewe. Kipimo chenye uhakika zaidi ni kukata kipande kidogo cha nyama ya puani na kuhesabu eosinofili kwa darubini. Damu ni njia ya mkato, ya bei ndogo, isiyohitaji kukata kitu.

Jinsi ya kuisoma kwenye karatasi yako

Tafuta mistari miwili. Mmoja una alama ya asilimia (EO% au EOS%), mwingine una alama ya reli (EO# au EOS#). Wa pili ndio idadi kamili. Kama haupo, piga hesabu mwenyewe:

- Seli nyeupe (WBC) 7.0, maana yake 7,000 kwa kila mikrolita ya damu. Eosinofili 6%. Idadi: 420.
- Seli nyeupe 4.0, yaani 4,000. Eosinofili 6% vilevile. Idadi: 240.

Asilimia ni ileile, lakini wa kwanza ana karibu mara mbili ya wa pili. Ukiambiwa "asilimia sita", uliza sita ya ngapi.

Kwenye karatasi idadi inaweza kuandikwa 0.42 badala ya 420. Ni kitu kilekile. Zidisha kwa 1,000.

"Kawaida" ya maabara si "kawaida" ya pua

Maabara nyingi huweka mpaka wa juu karibu 500. Ukiwa na 420, mashine haitaweka nyota wala herufi nyekundu, na utaambiwa uko sawa.

Lakini wataalamu wa pua wanatumia mipaka mingine. EPOS ya 2020 ilichukua 250 au zaidi kama mojawapo ya dalili za uvimbe wa aina ya pili. Mwaka 2023 kundi hilo pamoja na wenzao wa EUFOREA waliushusha hadi 150. Kwa hiyo namba inayopita maabara bila kelele inaweza kuwa na maana kubwa kwa daktari wa pua.

Usiigeuze kuwa hofu, lakini. Mipaka hiyo iliwekwa kusaidia kuchagua nani apewe dawa mpya za gharama kubwa, kwa watu ambao tayari wana nyama za puani pande zote mbili na ugonjwa uliowashinda. Mtu mwenye pua nzima na eosinofili 200 hana ugonjwa kwa sababu ya namba hiyo peke yake.

Japan walivyoipa damu alama

Mfano mzuri wa kutumia damu kupanga ukali unatoka Japan. Mwaka 2015 watafiti wa mradi wa JESREC walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 1,700 waliofanyiwa upasuaji wa sainasi. Walitaka kumtambua mapema, bila kukata nyama, mgonjwa mwenye ugonjwa wa eosinofili. Wakatengeneza alama hizi:

- Ugonjwa uko pande zote mbili: alama 3
- Kuna nyama za puani: alama 2
- CT inaonyesha sainasi za katikati ya macho zimejaa sawa au zaidi ya za mashavuni: alama 2
- Eosinofili kwenye damu zaidi ya 2% hadi 5%: alama 4
- Zaidi ya 5% hadi 10%: alama 8
- Zaidi ya 10%: alama 10

Ukifikisha 11, unahesabiwa kuwa na sainasi ya eosinofili. Angalia uzito wake: kati ya alama 17 zinazowezekana, 10 zinatoka kwenye damu.

Baada ya hapo yanakuja maswali mawili ya ukali. La kwanza: je, eosinofili zimezidi 5% na pia CT imejaa zaidi katikati ya macho? La pili: je, una pumu, au mwili wako haupatani na aspirini na dawa za maumivu za kundi lake? Hapana zote mbili, ugonjwa ni mwepesi. Ndiyo moja, ni wa wastani. Ndiyo zote mbili, ni mkali.

Tuchukue mtu mwenye ugonjwa pande zote (3), nyama za puani (2), CT ya namna hiyo (2) na eosinofili 6% (8). Jumla 15. Kama hana pumu wala shida na aspirini, yuko kundi la wastani. Akiwa na pumu, anaingia kundi la wagonjwa wakali, ingawa damu yake haijabadilika hata tone.

Na makundi hayo hayakuwa ya karatasini tu. Kadiri kundi lilivyokuwa kali, ndivyo nyama za puani zilivyorudi zaidi baada ya upasuaji. Mwaka huohuo Japan iliuingiza ugonjwa huo kwenye orodha ya magonjwa magumu ambayo serikali husaidia gharama zake.

Lakini alama hizi zilitengenezwa kwa Wajapani. Kuzihamishia Mwanza au Mombasa kama zilivyo kuna shida, na tutaifikia.

IgE: inasaidia, ila isikutishe

IgE ni kingamwili inayohusika na aleji. EPOS ya 2020 iliweka jumla ya IgE 100 au zaidi kama dalili nyingine ya uvimbe wa aina ya pili.

Kwa kupima ukali, hata hivyo, ni dhaifu. Mtu mwenye aleji ya vumbi au ya paka anaweza kuwa na IgE kubwa na sainasi zake zikawa safi kabisa. Minyoo nayo huipandisha.

Kuna sehemu moja ambapo IgE inang'ara: sainasi ya aleji ya fangasi. Hapa mwili unapambana na fangasi waliokaa ndani ya ute, na sainasi hujaa uchafu mzito kama siagi ya karanga. Ugonjwa huu hupenda maeneo ya joto, na jirani zetu Sudan wanaufahamu vizuri. IgE inaweza kupita 1,000, ikashuka baada ya upasuaji na kupanda tena ugonjwa unaporudi. Kwa mgonjwa huyo, kuipima kila baada ya muda kuna maana.

CRP na ESR: mbona ziko kawaida na mimi naumwa?

CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili unapovimba au kushambuliwa na vimelea. ESR hupima kasi ya chembe nyekundu kushuka kwenye mrija. Zote mbili ni nzuri kwa sainasi ya ghafla ya bakteria: homa zaidi ya 38, maumivu makali ya upande mmoja, na ile hali ya kuanza kupona kisha kuzidiwa tena.

Kwa sainasi sugu, mara nyingi ziko kawaida au zimepanda kidogo tu. Uvimbe umekaa puani, hautikisi mwili mzima. Kwa hiyo CRP ya kawaida haimaanishi unajifanya mgonjwa.

Ina faida nyingine pia. CRP ikiwa chini, huna homa, na dalili ni zilezile za miezi yote, hiyo ni sababu nzuri ya kumuuliza daktari: je, kweli nahitaji antibiotiki ya nne?

CRP ikiwa juu sana kwa mtu mwenye sainasi sugu, tafuta sababu. Inaweza kuwa maambukizi mapya, au tatizo linasambaa. Na usisahau jino: jino bovu la juu linaweza kujaza sainasi ya shavu la upande huo, kwa usaha wenye harufu mbaya, huku eosinofili zikiwa chini kabisa.

Namba mpya zinazosikika mitandaoni

Huenda umekutana na NLR. Ni uwiano wa aina mbili za seli nyeupe, nyutrofili kugawanywa kwa limfosaiti, unaopatikana kwenye FBP ileile. Watafiti wameijaribu kwenye sainasi na matokeo hayajakubaliana. Miongozo mikubwa haiitumii kupanga ukali.

Kwetu kuna sababu ya ziada ya kuwa makini. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana nyutrofili chache kwa kawaida yao, bila ugonjwa wowote, kutokana na tofauti ya kurithi kwenye kipokezi kiitwacho Duffy. Mpaka wa NLR uliotengenezwa Asia au Ulaya unaweza kumsoma Mwafrika vibaya.

Kuna pia periostini, protini inayopanda kwenye uvimbe wa aina ya pili. Bado iko zaidi kwenye maabara za utafiti. Vitamini D nayo imeonekana kuwa chini kwa baadhi ya wenye nyama za puani, lakini hiyo haithibitishi kwamba upungufu ndio uliowaletea.

Vitu vinne vinavyoweza kukudanganya

1. Minyoo. Safura, minyoo mviringo, kichocho, matende: yote yanaweza kupandisha eosinofili. Mtu anayeishi kando ya Ziwa Victoria, au anayelima pekupeku, akikutwa na 900, pua si mtuhumiwa pekee. Hapo ndipo alama za Japan zinapoyumba: minyoo inaweza kukupa alama 10 ambazo pua haikuzitafuta. Kipimo cha choo, na mkojo kwa kichocho, kinafaa kwenda sambamba na damu.

Hili si la namba tu. Kuna mnyoo mdogo uitwao strongiloidi, unaoweza kukaa mwilini miaka mingi kimyakimya. Mwenye nao akipewa steroidi za nguvu, unaweza kuzaliana na kusambaa mwili mzima, na hali hiyo huua. Na choo kimoja hakimkamati kila mara. Kwa hiyo eosinofili zikiwa juu na hujawahi kuchunguzwa minyoo, mwambie daktari kabla ya kuanza dozi kubwa.

2. Steroidi. Prednisoloni, deksamethasoni au ile sindano ya aleji hushusha eosinofili ndani ya saa chache. Umemeza vidonge wiki nzima, ukapima, ukakuta 30: hiyo ni namba ya dawa, si ya ugonjwa. Dawa ya kupuliza puani athari yake kwenye damu ni ndogo zaidi. Muhimu: usiache steroidi ulizoandikiwa ili tu upime. Mwambie daktari ulianza lini na unatumia ngapi.

3. Saa. Eosinofili hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Huwa chini kuelekea saa za mchana, na juu usiku. Ukitaka kulinganisha, pima muda uleule, na usitegemee kipimo kimoja.

4. Magonjwa mengine. Pumu, pumu ya ngozi, mzio wa dawa: vyote huziinua.

Damu inayotafuta kilichojificha nyuma

Wakati mwingine daktari anaagiza vipimo vya damu visivyopima ukali wa sainasi, bali kujua kwa nini haiponi.

- VVU. Kinga ikishuka, sainasi hurudi rudi na huwa ngumu kutibu.
- Sukari. Kisukari kisichodhibitiwa hufungua mlango kwa fangasi hatari. India waliliona hilo mwaka 2021, fangasi weusi walipowashambulia wagonjwa wa UVIKO-19, wengi wao wenye kisukari.
- Kingamwili za IgG, IgA na IgM. Kwa mtu anayepata usaha puani na nimonia mara kwa mara.
- ANCA. Kwa anayetoka damu na maganda puani, au mwenye pumu, nyama za puani, ganzi ya mikono na miguu, na eosinofili zaidi ya 1,000. Huenda ni ugonjwa wa mishipa ya damu, na pua ni dalili ya kwanza tu.

Eosinofili zikifika 1,500 na kubaki hapo, hilo si suala la pua peke yake tena. Moyo na mapafu vichunguzwe.

Namba ikijulikana, matibabu yanabadilikaje?

Mwanzo ni uleule kwa karibu kila mtu: kusafisha pua kwa maji ya chumvi, na steroidi ya kupuliza puani kila siku kwa wiki kadhaa. Maji yawe yamechemshwa yakapoa, si ya bomba moja kwa moja. Na dawa ya kupuliza haifanyi kazi kwa siku mbili. Wengi huiacha mapema wakidhani imeshindwa.

Tofauti inakuja baadaye. Mwenye eosinofili nyingi, nyama za puani na pumu anapaswa kuambiwa ukweli kabla ya upasuaji: operesheni itafungua njia, lakini haiondoi ugonjwa, na dawa ya kupuliza itaendelea. Watu wengi hukata tamaa nyama zinaporudi kwa sababu hakuna aliyewaambia zinaweza kurudi. Wanauza shamba au kukopa, wanapasuliwa, wanaacha dawa. Baada ya muda wako palepale.

Mwenye eosinofili chache anaweza kuhitaji njia nyingine: kutafuta jino bovu, kinga dhaifu, au kitundu kilichoziba upande mmoja.

Kwa wagonjwa wakali kabisa kuna sindano mpya zinazozima ujumbe wa uvimbe. Marekani iliidhinisha dupilumabu kwa nyama za puani mwaka 2019, omalizumabu 2020 na mepolizumabu 2021. Bei yake ni kubwa mno kwa wengi wetu. Angalizo kwa wanaozipata: dupilumabu inaweza kupandisha eosinofili za damu kwa muda hata pua inapopata nafuu. Yaani namba inapanda, wewe unanusa.

Na kama una pumu na nyama za puani, kuwa makini na aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Kwa baadhi yenu, kidonge kimoja cha maumivu kinaweza kubana kifua ndani ya saa chache.

Maswali ya kwenda nayo kwa daktari

1. Eosinofili zangu ni ngapi kwa idadi, si kwa asilimia tu?
2. Nilipopima nilikuwa natumia steroidi. Turudie?
3. Nimewahi kuchunguzwa minyoo?
4. Nina nyama za puani? Pande zote au upande mmoja?
5. Kwa aina yangu ya ugonjwa, uwezekano wa kurudi baada ya upasuaji ukoje?

Beba karatasi zako za zamani. FBP ya mwaka juzi uliyopimwa kwa ajili ya malaria ina mstari wa eosinofili pia, na huenda ndiyo namba pekee uliyonayo ya kabla ya dawa.

Usisubiri majibu ya damu ukiona haya

Jicho kuvimba au kutokeza, kuona vitu viwili viwili, kichwa kuuma vibaya kwenye paji na homa, shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, au weusi puani kwa mwenye kisukari. Hapo nenda hospitali siku hiyohiyo. Pua inayotoka damu upande mmoja kila mara nayo inahitaji kuangaliwa kwa kamera haraka.

Kwa mengine yote, rudi kwenye ile karatasi. Safari hii usitafute neno "kawaida" au nyota ya mashine. Tafuta mstari wa eosinofili, kumbuka ulikuwa unameza nini siku ile, kisha mpelekee daktari wa masikio, pua na koo, ili aisome pamoja na kamera, CT na maelezo yako mwenyewe.

*Makala haya ni ya kukupa uelewa. Hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari wako.*